Chupa ya Ayodini na Ng'ombe wa Pasaka

Jumatatu, 4 Machi 1957

Salamu nyingi sana. Baba Barasa mzima, ametoka zamu ya reli na kikohozi kidogo tu. Barasa kifungua mimba wangu mzima, ana miaka ishirini na anakula kama watu wawili. Nafula mzima, ananishinda kusoma. Wekesa mdogo mzima, leo kaanguka mara mbili kainuka mara mbili. Kuku wanne, wazima. Mimi Mama Barasa mzima pia, namshukuru Mungu.

Sijui namsalimu nani. Mwalimu wa darasa la kina mama alitupa daftari, akasema andikeni kila siku, hata mstari mmoja, mkono uzoee. Mimi nilichofundishwa ni barua, na barua huanza na salamu. Basi nimejisalimu mwenyewe. Nafula amecheka mpaka akakaa chini.

Nimefua nguo za machimbo. Maji yametoka kijivu kama uji wa wimbi. Vumbi la mawe hilo.

Zamu yangu ya chupa imeanza. Mama Otieno ameileta chini ya leso. Ni ayodini, ile dawa nyekundu ya kuchoma vidonda. Ni yetu sote, wanawake wa landi hii, safu ya vyumba vya wafanyakazi, wenye watu kwenye machimbo ya kanjo, baraza la mji wetu. Kila wiki inalala nyumba nyingine. Mimi naificha kwenye debe la unga.

Jumanne, 5 Machi

Barasa amerudi mkono mfukoni. Nikajua kabla hajasema.

Kidole cha shahada, mkono wa kulia. Mkanda wa mashine ya kuvunja mawe ulikidaka, naye akakichomoa kwa nguvu. Ukucha umekwenda. Nyama imefunguka.

Nyapara Zakayo alimfunga kwa kitambaa chake mwenyewe. Akamwambia, "Kijana, zimebaki wiki nne kasoro tu. Usituulie ng'ombe." Wenzake wakacheka, na Barasa akacheka.

Ng'ombe ni wa Pasaka. Bwana wa machimbo humtoa gengi la wafanyakazi likimaliza mwaka bila mtu kuandikwa ameumia. Mwaka wao unafungwa mwisho wa Machi. Tumekula miaka miwili mfululizo. Nyama ile ratili kwa ratili, watoto wanaimba.

Tena si ng'ombe tu. Wanasema mtu akiandikwa, bima ya kanjo inapanda bei. Kanjo letu dogo, halina pesa. Bima ikipanda, watu wanapunguzwa. Na siku hizi za Hali ya Hatari, ukikosa kazi hapa njia ya Njoro unakosa pasi, ukikosa pasi unakosa chumba.

Nimeosha kwa maji ya chumvi, nikamwaga ayodini. Alilia kama mtoto. Nikamwambia nyamaza, ukuta huu mwembamba. Upande wa pili anakaa Bwana Athumani, klaki wa kanjo. Yeye ndiye mwenye kitabu cha walioumia. Watu wazuri sana yeye na mkewe Mama Salma, asili yao pwani, mahamri yao hayapiti mlango wangu. Lakini kitabu ni kitabu.

Nashukuru si jicho.

Alhamisi, 7 Machi

Amekwenda kazini. Wenzake wanambebea karai, yeye anajifanya anafagia. Watu wema. Nimewapelekea viazi vya Mau Narok, vimeiva vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwandikia mama yangu kule nyumbani. Barua ya kwanza kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwambia Nafula aniandikie. Nikawataja wote mmoja mmoja. Baba Barasa mzima. Nikafika kwa Barasa, kalamu ikasimama.

Nikaandika mzima.

Kidole kina harufu. Nimeshatia barua posta.

Jumatatu, 11 Machi

Kimevimba mpaka kifundo cha mkono. Ayodini imebaki robo chupa. Mama Otieno anasema mimina tu, ikichoma ndiyo inafanya kazi. Nimemimina.

Nyapara Zakayo amekuja na sukari nusu ratili. Mtu mzima yule, anachechemea, uzee umemshika mguu. Alimtazama Barasa, hakumtazama usoni. "Wiki tatu tu, Mama Barasa. Mimi mwenyewe nitampa kazi nyepesi." Nikamshukuru. Alipotoka nilijichukia. Ninashukuru nini?

Baba Barasa yuko safari na treni mpaka Jumatano. Niko peke yangu na akili yangu hii ndogo.

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi nimeona mstari mwekundu. Umetoka kifundoni umepanda mpaka ndani ya kiwiko. Barasa anatetemeka, ananiita kwa jina la bibi yake.

Sikufikiri tena. Nikabisha jirani. Bwana Athumani alikuwa amevaa kofia tayari kwenda ofisini.

"Ameumia lini?"

Nikasema ukweli. Jumanne iliyopita.

"Siku saba! Mama Barasa, siku saba mimi niko hapa ukutani nasikia mtu anakohoa, sijui kama anaoza?" Hakusubiri jibu. Akatoka mbio kutafuta lori la kanjo. Mama Salma akamfunika Barasa shuka yake mpya, ile ya maua, aliyoiweka kwa ajili ya Idi.

Lori likatupeleka Nakuru, hospitali. Ninaandika nikiwa barazani. Herufi zangu mbaya leo.

Jumatano, 13 Machi

Wamekata kidole. Chote.

Daktari amesema tungechelewa siku mbili angekata mkono begani, na pengine asingekuwa hai wa kukatwa. Amesema hivyo huku anaandika, hakuinua kichwa. Nikamshukuru mara nyingi mpaka dresa, yule msaidizi wa daktari, akanishika bega akanitoa nje.

Mkono upo. Mwanangu ana mkono. Nimehesabu vidole vyake amelala, kama nilivyohesabu siku aliyozaliwa.

Nalala mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru, kwa dada yangu. Amenipikia ugali na samaki. Sikuweza kula, kisha niliweza.

Ijumaa, 15 Machi

Bwana Athumani amekuja hospitali na karatasi za fidia. Amekaa kwenye benchi nami akanieleza pole pole. Naandika nisisahau.

Kanjo linalipa kampuni ya bima kila mwaka. Mtu akiumia kazini, kampuni ndiyo inalipa hospitali na fidia. Bei ya mwaka haitoki hewani. Kampuni inatazama mambo matatu. Kwanza, mishahara ya wafanyakazi wote ikijumlishwa. Pili, kazi ya kila mtu ina hatari gani. Yeye wa kalamu yuko bei ya chini kabisa, mwenye kufagia soko juu kidogo, Barasa wa mashine ya mawe juu sana. Tatu, miaka iliyopita watu waliumia vipi na waligharimu nini.

Nikamwambia hilo la tatu ndilo tunaloogopa.

Akasema, "Na ndilo mnalolielewa kinyume, dada yangu. Kidole kilichooshwa na dresa siku ya kwanza ni bandeji na siku mbili za kupumzika. Kampuni haigeuki hata kichwa. Kidole kilichofichwa wiki nzima ni lori, ni daktari, ni kitanda, ni fidia ya maisha. Hicho ndicho kinachopandisha bei. Mlikuwa mnalinda bei kwa kuipandisha."

 Nilifikiria chupa. Dresa wa kanjo anakaa hatua mia mbili kutoka landi. Dawa yake bure.

Kisha akanipa lile gumu. Sheria inataka mwajiri aambiwe mapema. Sisi tumekaa siku saba. Kampuni inaweza kukataa kulipa. Ikikataa, Barasa hana fidia, na kazi ya mikono hawezi kama zamani. Ila kama nyapara alijua siku ile ile, basi ni kama kanjo lenyewe lilijua. Nyapara ni jicho la kanjo.

"Zakayo alijua?" akaniuliza.

Alijua. Kitambaa kilikuwa chake. Lakini akisema alijua, ameficha, na anaweza kufukuzwa. Ana watoto sita.

Sikulaumu mtu. Namwogopa tu Mungu na kamati ya kanjo.

Jumatatu, 18 Machi

Nimerudi landi. Barasa amebaki hospitali.

Bombani wanawake wamenigeuzia mgongo nilipofika. Kisha mmoja akasema kwa sauti, si kwangu, kwa ndoo yake, "Karibuni Pasaka, tutakula sukuma wiki na jina la Barasa." Wengine wakacheka. Mama Otieno hakucheka, lakini hakunisalimu.

Chupa bado iko kwangu. Zamu yangu imekwisha tangu wiki iliyopita, hakuna aliyekuja kuichukua.

Baba Barasa amesema wacha waseme, mtoto yuko hai. Amenishonea kamba ya kiatu. Nashukuru kwa mume asiyepiga kelele.

Alhamisi, 21 Machi

Mkaguzi wa kampuni ya bima amefika machimboni. Mzungu mwembamba wa miwani. Bwana Athumani alimpeleka. Alifungua kitabu cha walioumia, akageuza kurasa mbili za miaka miwili. Nyeupe. Akauliza kama wamekosea kitabu.

"Machimbo ya mawe, mashine ina mkanda wazi, watu thelathini, na hakuna hata aliyejikwaa?" Akakifunga. Akasema kitabu kitupu hakimpi bei ndogo, kinampa wasiwasi. Yeye asiyejua kitu hupanga bei ya kuogopa. Afadhali aone vidonda vidogo mia, ajue anachokatia bei.

Tena amesema miji mingine iliyoweka dresa karibu na vifuniko kwenye mashine ilishushiwa bei. Kampuni ikiona mtu anajitahidi kuzuia ajali inalegeza.

Kamati ya kanjo inakaa Jumatano. Bwana Athumani anataka orodha ya kweli. Nani aliumia, wapi, lini. Wanaume hawasemi, amewauliza wote. Kila mmoja anatazama viatu vyake. Na Zakayo amesema hakumbuki siku ya Barasa.

Hakumbuki. Kitambaa chake nimekifua mimi. Kiko hapa.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja pale pale pa mwaka jana.

Nimewaza siku nzima. Wanaume hawakumbuki vidonda. Lakini nani aliviosha?

Jumapili, 24 Machi

Baada ya kanisa nimetoa chupa kwenye debe la unga, nikaiweka juu ya kigoda katikati ya uwanja wa landi, mbele ya watu. Wazi. Hata mlango wa klaki uko wazi. Nikakaa chini na daftari hili.

Mama Otieno akaja mbio. "Umerukwa na akili? Ficha hiyo kitu!"

Nikamwambia, mama, chupa hii ilikuwa imejaa. Imekwenda wapi? Mimi nimemimina robo tatu kwa kidole kimoja na kidole kimekatwa. Chupa ya kabla ya hii ilikwenda kwa nani? Nitajieni, niandike. 

Wakasimama mbali. Yule wa ndoo akasema, "Sasa wewe ndiye klaki mpya?" Mwingine, "Aandike yeye? Hata jina lake anaandika kwa kupumzika katikati!"

Ni kweli. Nikacheka nao. Nikaandika polepole, nikasoma kwa sauti: Barasa, kidole, mkanda wa mashine, tano Machi.

 Kisha Mama Otieno akaketi chini, akafunga leso kiunoni. "Andika Otieno. Jiwe mguuni, Krismasi. Usiku mzima nilimimina mimi hiyo." Nikaandika. Yule wa ndoo akasogea. Mume wake, kipande cha jiwe jichoni, wiki mbili alikuwa anasema ni vumbi. Wakaja mmoja mmoja. Wanakumbuka kila kitu. Siku ile niliyochinja kuku. Siku mtoto alipoota jino. Kila kidonda kina siku yake ya nyumbani. Nafula alinisaidia herufi za "mgongo" na "ufa". Kurasa tatu zimejaa. Vidonda kumi na tisa.

Jua lilikuwa linakwenda chini Zakayo alipokuja. Alikuwa amesimama nyuma ya choo, sijui tangu lini. Watu wakampisha. Nikajua atanyang'anya daftari.

Akaketi kwenye tope, suruali ya Jumapili. Akavuta mguu wake, ule wa kuchechemea, akakunja suruali. Kovu kutoka goti mpaka kifundo, kama kamba.

"Andika na mimi, Mama Barasa. Troli la mawe. Mwaka juzi, wiki mbili kabla ya kufunga hesabu. Niliwaambia ni baridi yabisi."

Mkewe alishika mdomo. Naye hakujua. Zakayo alimimina nini, wapi, peke yake?

Nikaandika. Herufi zilisimama sawa.

Akasema tena, "Na pale kwa Barasa ongeza. Nyapara alijua siku ile ile. Nyapara alimfunga kitambaa." Kisha akauliza kama kitambaa chake bado kipo, mkewe anakitafuta. Watu wakacheka, yeye pia. Mimi nililia. Nililia mbele ya watu wote na sikuona haya.

Bwana Athumani alikuwa mlangoni kwake muda wote. Hakutoka. Aliogopa kutuvuruga, amesema.

Jumatano, 27 Machi

Kamati leo. Bwana Athumani ameondoka na kurasa zangu tatu. Alitaka kuzinakili kwa taipu, kisha akaacha. Amesema zitakwenda kwa mwandiko wangu.

Nimefagia chumba mara nne.

Alhamisi, 28 Machi

Kampuni imekubali kumlipa Barasa. Neno la Zakayo ndilo lililofungua. Ataendelea na kazi, langoni, kuhesabu malori.

Zakayo hakufukuzwa. Wamemtolea maneno makali na barua ya onyo. Bwana wa machimbo alipata makali zaidi, kwa sababu ya ng'ombe wake. Ng'ombe amefutwa. Hakuna tena kumpa mtu nyama kwa kunyamaza.

Bima ya mwaka huu inapanda. Bwana Athumani hakunificha. Lakini si kwa kiasi walichoogopa, na hakuna atakayepunguzwa. Mkaguzi ameweka sharti. Mkanda wa mashine uwekewe kifuniko cha bati. Glavu kwa wote. Sanduku la dawa pale pale machimboni, na kila kidonda kiandikwe siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Wakifanya hivyo, baada ya mwaka ataitazama bei upya.

Amesema mkaguzi alishika kurasa zangu muda mrefu. Akauliza nani ameandika. Wakamwambia mama mmoja wa landi. Akasema hii ndiyo rejista ya kwanza ya kweli aliyoiona katika kanjo hili.

Mimi. Darasa la kina mama, miezi mitano.

Namshukuru Mungu, Bwana Athumani, shuka ya Mama Salma, lori, daktari asiyeinua kichwa, na Zakayo na mguu wake. Nimesahau mtu? Mama Otieno.

Jumatano, 3 Aprili

Barasa amerudi nyumbani. Kwa Mama Salma wanafunga. Nimewapelekea viazi vitamu na maziwa ya kufuturu. Nilitaka kurudisha shuka, nimeifua mara tatu, doa moja limekataa. Mama Salma amesema liache, ni doa la jirani.

Ijumaa, 12 Aprili

Glavu zimefika. Kubwa mno, za ngozi ngumu. Wanaume wanalalamika kama maharusi, zinateleza, zinachoma, zinatoa jasho. Leo zimeanikwa kwenye kamba zote za landi, mikono thelathini na thelathini, inapunga upepo. Wekesa amezipungia zote.

Kitabu kimeandikwa vidonda vinne wiki hii. Vyote vidogo. Dresa analalamika ana kazi nyingi. Alhamdulillahi, anasema Bwana Athumani, na mimi nasema amina.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Hakuna ng'ombe. Tumechinja kuku mmoja. Mama Otieno ameleta samaki, Zakayo na mkewe wameleta sukari, yule wa ndoo ameleta sukuma wiki na amecheka mwenyewe. Tumekula sote nje. Barasa amekula kwa mkono wa kulia. Ugali unamponyoka kidogo pale kidole kilipokuwa, anaukamata kwa kidole cha kati. Atajifunza.

Chupa nimeiosha. Nimetia ua ndani yake, iko dirishani.

Jioni imetulia. Naandika barua nyingine kwa mama, naianzia hapa kwanza nisikosee.

Mama yangu mpendwa, salamu nyingi. Baba Barasa mzima, kikohozi kimepona. Nafula mzima, amekuwa wa pili darasani. Wekesa mzima, anaanguka bado. Kuku watatu, wazima. Mimi mzima. Barua iliyopita nilikuandikia uongo mmoja, nisamehe, nitakueleza. Barasa ana vidole tisa. Mzima.

Na ninyi huko je? Usinifiche hata mkwaruzo. Niletee neno upesi.